Imestaki Tena: Kompyuta ya Nyumbani Kibaha na Kisarawe

Kompyuta iliyoganda, au iliyostaki kama wasemavyo wengi pale Maili Moja, Kibaha, ni ile ambayo skrini yake inawaka, feni yake inavuma, lakini mshale wa mausi umesimama na hautaki tena kusikia la mtu. Haijazimika wala haijafa. Ugonjwa huu una tabia ya kuchagua wakati: humpata mwalimu anapojumlisha alama za mtihani wa muhula, mweka hazina wa vikoba wakati wanachama wameshaanza kuvua viatu mlangoni, na kijana anayetuma maombi ya kazi usiku wa siku ya mwisho.

Huduma ya kwanza nyumbani huwa ni kubonyeza. Mausi hubonyezwa kwa upole, kisha kwa hasira, na kila bonyezo hupangwa foleni. Mashine ikizinduka hutii amri zote kwa pamoja: hufungua faili moja mara kumi na nne, kisha huganda upya. Huduma ya pili ni kofi la ubavuni, urithi wa enzi za televisheni za chogo. Kwenye chogo kofi lilikuwa na mantiki, kwa kuwa mara nyingi tatizo lilikuwa solda iliyolegea. Kwenye kompyuta yenye diski ngumu ya zamani mambo ni mengine. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Kofi moja linaweza kuondoka na picha zote za harusi.

Huduma ya tatu ni simu kwa mpwa aliyesomea kompyuta Dodoma.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Imeganda tena.”

“Umeizima ukaiwasha?”

“Nimezima, nimewasha, iko vilevile.”

Mjomba hasemi uongo, ila alichozima ni skrini. Boksi lililo chini ya meza, ambalo ndilo kompyuta yenyewe, halijaguswa, na skrini iliporudi ilionyesha mgando uleule. Wapwa wenye uzoefu siku hizi huuliza kwanza ni kitufe kipi kilichobonyezwa.

Kabla ya kuzima chochote, inafaa kujua kama mashine imeganda kweli au inatafakari tu. Kipimo ni kitufe cha Caps Lock. Kikibonyezwa na kitaa chake kikawaka, kikibonyezwa tena kikazima, mashine bado inasikia; ipewe muda wa kikombe cha chai. Baadaye vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua orodha ya programu zinazoendelea, na ile iliyoandikwa kuwa haiitikii hufungwa peke yake bila kuzigusa nyingine. Wengi huzoea zaidi Ctrl, Alt na Delete. Mchanganyiko huo ulibuniwa na David Bradley, mhandisi wa IBM aliyekuwa akiiandaa kompyuta ya kampuni hiyo iliyotoka mwaka 1981. Wakati huo kazi yake ilikuwa kuiwasha mashine upya, na alichagua vitufe vilivyoachana makusudi, ili mtu asifanye hivyo kwa bahati mbaya. Hakuwafikiria watoto wa miaka minne, ambao hupiga kibodi kwa viganja vyote viwili.

Kitaa kisipoitikia kabisa, kitufe cha kuwashia hushikiliwa kwa sekunde kumi hivi hadi kila kitu kizime. Kazi ambayo haikuhifadhiwa imekwenda, na lawama hazitairudisha.

Sasa chanzo. Katika Mkoa wa Pwani mtuhumiwa wa kwanza ni joto, na mshirika wake mkubwa ni upendo. Sebule yenye heshima ina vitambaa vya kufuma: kwenye makochi, kwenye redio, kwenye televisheni, na kompyuta nayo haibaguliwi. Kitambaa kizuri cheupe hutandazwa juu ya boksi, kikafunika matundu ya hewa, kisha boksi lenyewe likasukumwa kwenye kona ya kabati ili lisionekane vibaya mbele ya wageni. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Sentigredi ili zisiungue, na mashine ikishindwa kabisa hujizima. Laptopu nayo huwekwa juu ya godoro, ambalo huziba matundu ya chini kikamilifu kuliko kitambaa chochote.

Vumbi humalizia kazi. Kibaha iko kando ya Barabara ya Morogoro, malori hayalali, na mitaa mingi ya ndani bado ni ya udongo. Feni ya kompyuta huvuta kila kinachopita. Kisarawe, juu ya vilima vya Pugu na jirani na msitu wa Kazimzumbwi, huongeza unyevu, kwa hiyo vumbi la huko hushikamana na kuwa kama blanketi. Boksi likifunguliwa baada ya miaka miwili hukutwa na wapangaji: sisimizi, mayai ya mjusi, na wakati mwingine mjusi kafiri mwenyewe, amekauka juu ya ubao wa umeme alioufuata kwa ajili ya joto. Usafi wake ni rahisi. Waya uchomolewe ukutani, vumbi lipulizwe kwa blowa au lifagiliwe kwa brashi laini, na feni ishikwe isizunguke wakati wa kupulizwa. Kitambaa chenye maji hakina kazi hapa, hata kama kimekamuliwa vizuri.

Unyevu una hila nyingine. Miguu ya ramu, yaani kumbukumbu ya muda, hupata kutu nyembamba na mashine huanza kuganda bila mpangilio. Mwenye nyumba hulifunga boksi kwa khanga, hulipakata kwenye daladala kutoka Kisarawe hadi Gongo la Mboto, na likifika kwa fundi linafanya kazi bila kasoro. Fundi humtazama mwenye mali, mwenye mali hulitazama boksi. Kilichotokea ni kwamba mashimo ya barabarani yameisogeza ramu ikakaa sawa kwenye nafasi yake. Wakati wa kurudi mashimo ni yaleyale, na kazi yao inaweza kuwa kinyume. Dawa ni kuichomoa ramu, kusugua miguu yake kwa raba safi ya penseli, kufuta masalia na kuirudisha mpaka vibanio vya pembeni vilie.

Ramu ikiwa ndogo, hali ni nyingine. Mashine yenye gigabaiti 4, iliyonunuliwa Kariakoo ikiwa imeshatumika ofisini ng'ambo, inaweza kuandika barua bila taabu. Ikifunguliwa kurasa ishirini za intaneti pamoja na muziki, ramu hujaa, na kompyuta huanza kuazima nafasi kwenye diski, ambayo ni nzito mno kwa kazi hiyo. Taa ya diski ikiwaka mfululizo bila kupumzika, ndiyo dalili. Nayo diski yenyewe huwa imesheheni sizoni za Kikorea zilizojazwa kwenye flashi dukani, kwa sababu hakuna anayekubali kufuta kipindi ambacho shangazi hajakiona. Ni vizuri sehemu ya tano hivi ya diski ibaki wazi. Anayemudu kitu kimoja tu na anunue SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka. Hakuna badiliko linaloihuisha mashine kongwe kama hilo.

Umeme una mchango wake. Rufiji, ndani ya mkoa huohuo, kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lakini megawati hizo hazina la kufanya pale ambapo friji, pasi na kompyuta vimechomekwa kwenye ekstensheni moja. Kila friji inapoanza kunguruma, volti hushuka na kompyuta hushtuka. Stabilaiza husawazisha volti lakini umeme ukikatika nayo hukatika. UPS ina betri na hutoa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Kuzimika ghafla mara kwa mara huharibu mpangilio wa faili, na hapo amri ya chkdsk huweza kuukagua na kuurekebisha, ikiachwa imalize.

Kuna na virusi vya steshenari. Flashi huenda kuchapisha barua ya kurasa mbili na hurudi na mgeni anayeficha mafoda na kuweka njia za mkato mahali pake. Antivirusi moja inatosha. Zikiwekwa mbili, hukaguana zenyewe kwa zenyewe na mwenye kompyuta hubaki mtazamaji. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida ya bure ya usalama, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, hivyo kuzichunga flashi ni muhimu zaidi.

Yote yakishindikana, ni kwa fundi. Mafundi wengi wana tiba moja kwa magonjwa yote: kupiga windo, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kwa virusi hiyo ni tiba halali. Kwa feni iliyokufa haisaidii kitu, na mashine inayoganda hata kabla Windows haijaanza kupakia haina kosa la windo. Mafaili yanakiliwe kwanza mahali pengine, bei ikubaliwe kabla bisibisi haijatoka, na kifaa kilichobadilishwa kidaiwe kirudi nyumbani. Kabla ya kulipa, kompyuta iwashwe palepale kaunta na ukubwa wa ramu usomwe kwenye taarifa za mfumo, maana zipo zilizoingia na gigabaiti 8 zikatoka na 4, zimesafishwa vizuri na kufutwa vumbi.