Ofisa Mauzo na Kitambaa Chake

Tangazo lilitaka shahada ya biashara, leseni ya udereva na uzoefu wa miaka 3, kwa kazi ya anayeanza kuuza magari. Uzoefu huo anayeanza ataupata wapi? Labda nao huagizwa Japani, ushuke Mombasa pamoja na magari.

Kijana akipenya katika yadi ya magari ya Ngong Road, Nairobi, hupewa tai, cheo cha Ofisa Mauzo, na kitambaa. Vumbi halijali shahada. Asubuhi anafuta Vitz, mchana anaifuta ileile, na katikati anaamsha betri zilizokufa. Mshahara? "Ni kamisheni, kijana wangu." Yaani nauli ya matatu ni juu ya mamake.

Wateja nao hufungua boneti, wakapiga teke tairi, wakakaa kwenye usukani wapigwe picha, kisha: "Nitakupigia." (Hawapigi.)

Sheria ya Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini. Ofisa wetu ana miaka 26, shahada haijatembea hata kilomita, na bosi bado anamwona hajaiva. Siku anapouza gari la kwanza, mnunuzi ni shemeji ya bosi. Hapo hakuna kamisheni. Hiyo ni familia.