Heko, Ukata!

Ukata ametukanwa vya kutosha. Hapa Kiganjo, Thika, wazazi walitusomesha ili tumkimbie, na wahubiri humkemea kila Jumapili. Mimi nasimama kumtetea. Kwa anayeshuka Mombasa Desemba, bei za vyumba vya ufuoni zikiwa zimepaa, hakuna mwongoza watalii anayemfikia.

Kwanza, hupenda watu. Nauli ya behewa la kawaida la treni ya SGR ilikuwa shilingi 700 mwaka 2017. Tangu 2024 ni 1,500, na Ukata hulipa huku akiguna. Lakini humo hukuketisha uso kwa uso na usiowajua, magoti yakigusana, hata mkifika mmeshaambiana mahari mnazodaiwa. Kituoni Miritini huwapita madereva wa teksi kwa maringo, kana kwamba gari lake linamngoja nje, kisha hujipenyeza kwenye matatu.

Pili, ana heshima kwa historia. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikusudiwa kuzuia watu wasiingie. Asiye na kiingilio, anayezunguka kuta zake kwa nje akitokwa na jasho, ndiye anayeitumia kama alivyotaka mjenzi.

Tatu, ni baharia. Kivuko cha Likoni hakimtozi aendaye kwa miguu. Mwenye gari ndiye hulipa. Basi Ukata hukuingiza katikati ya mikokoteni, baiskeli na akina mama wenye vikapu vya samaki, upepo ukakupiga usoni, na meli ya makasha ikielekea Kilindini ikakupitia kama ghorofa linalotembea. Ukifika ng'ambo, unageuka na kurudi. Umeshasafiri baharini mara mbili bila kutoa hata senti.

Nne, hulinda tumbo. Mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, kahawa tungu usiku Mji wa Kale. Anayekula hivyo hajawahi kulalamika kwamba kamba walikuwa wagumu.

Lakini sifa yake kuu ni kufufua undugu. Miaka na miaka binamu wa Kisauni hakumbukwi; tiketi ikishakatwa, anapigiwa simu: "Binamu, mko salama? Watoto hawajambo? Basi niwaletee mananasi?" Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa binamu hakuna shamba, kwa hiyo siku ya tatu utapewa mtungi ukasubiri maji ya mkokoteni pamoja na majirani. Upande wa pili wa ua, mgeni wa hoteli anaogelea kwenye bwawa lililochimbwa hatua chache kutoka baharini. Yeye atarudi kwao akijua rangi ya maji ya Mombasa. Wewe, kwa hisani ya Ukata, utarudi Kiganjo ukijua bei yake.