Kichwa Changu, Kikao cha Ukoo

Mwanamke akitaka kuuza kiwanja hapa Tabora, atamtafuta mjumbe wa mtaa na mashahidi wawili, mambo yatakwisha. Akitaka kufuga dredi, kinaitishwa kikao.

Nasema hivyo kwa kuwa kikao nimekaliwa mimi, mwanamke niliyevuka arobaini, mwenye mume, watoto wakubwa, duka la vitenge na leseni ya biashara isiyodaiwa hata senti. Mikopo nimechukua bila kikao. Gari bovu nimenunua bila kikao. Lakini nywele, ambazo kwa kawaida ziko chini ya mtandio na hakuna anayeziona isipokuwa Mungu, mume na msusi, zimewatoa watu Nzega kwa basi la alfajiri.

Wala sababu zangu hazikuwa na Jamaika ndani yake. Shuleni tulinyolewa mpaka kidato cha nne. Siku nilipoachiwa kichwa changu mwenyewe, nilikikabidhi saluni moja kwa moja, na saluni ikakifanyia kazi. Kwanza dawa. Dawa ile kali ya kunyoosha ina sodiamu haidroksaidi, kostiki ile ile wanayotumia watengeneza sabuni, na msusi anakupaka huku akikuuliza, "Inawasha au bado?" Ukisema inawasha, anakujibu kwamba ndiyo inaingia. Baada ya dawa zikaja suka za kubana, zile ambazo siku mbili za mwanzo ukitaka kupiga chafya unashika kichwa kwa mikono miwili. Miaka ikapita, na nywele za mbele zikarudi nyuma kama maji ya bwawa la Igombe mwezi wa kumi. Daktari wa ngozi aliniambia kwa upole kwamba nywele zikivutwa miaka mingi mashina huchoka, na yakichoka kabisa hayaoti tena. Akashauri niachane na dawa na suka za kuvuta. Nikabakiwa na njia mbili: kunyoa au kusokota. Kunyoa nilikukinai tangu shule.

Msusi wangu wa Isevya si mtu wa haraka. "Dada, dredi siyo suka," aliniambia. "Suka ukiichoka unafumua. Hizi ukizichoka ni mkasi. Tufanye mbili kwanza, hapa kisogoni, uzilalie, uziogee, uone kama mtaelewana."

Ushauri wa maana kabisa. Ubaya ulikuwa kwenye kitu cha kushikizia. Wenzake wa Dar es Salaam wanatumia jeli za kopo, lakini yeye ni mtoto wa Tabora, aliona aibu kununua kopo katika mkoa unaonuka asali. Nta ya misitu hii ya miombo ilikuwa ikipelekwa Ulaya tangu wakati wa Mjerumani, na mpaka leo mjini kuna chuo kizima cha ufugaji nyuki. Basi akafungua droo akatoa donge la nta ya kahawia aliloletewa na mrina asali wa Sikonge. Lilikuwa halijachujwa sawasawa. Ukilisogezea pua ulisikia asali, moshi wa porini na, nadhani, miguu ya nyuki. Akalikanda kwa vidole mpaka likalainika, akapaka, akachukua kitana cha mkia akaanza kuzungusha. Zikatoka dredi mbili nyembamba, nyeusi, zinang'aa. Nilijitazama kwa vioo viwili nikaridhika. Nikajifunga mtandio nikaenda nyumbani, na usiku ule hakuna aliyejua kitu.

Kesho yake, saa saba mchana, nilipita Soko Kuu upande wa wauza asali. Oktoba ya Tabora haihitaji maelezo. Asali imepangwa kwenye chupa za maji zilizotumika, ndoo wazi pembeni, na nyuki wachache wanazunguka hapo kudai mali yao. Mmoja akaiacha ndoo akanifuata mimi. Akazunguka mara moja, akazunguka tena, kisha akapanda kwa nyuma akaingia chini ya mtandio. Wa pili akafuata njia hiyo hiyo.

Msomaji, yuko nyuki mdogo asiyeuma, na asali yake ni dawa. Huyu hakuwa huyo.

Nilivua mtandio katikati ya soko. Muuza asali akapiga kelele: "Mayu, usimpige! Ukimpiga anawaita wenzake!" Kweli tupu, nyuki akiuma au akipondwa anatoa harufu ya kuwaalika ndugu zake, lakini nani anakumbuka elimu ya nyuki wakati nyuki yuko shingoni? Kijana wa bodaboda, Mungu amlipe, akawasha kipande cha boksi, akakizima, akaja nacho kinafuka moshi. Nikafukizwa pale pale, macho yanatoka machozi, kichwa wazi, dredi mbili zinaning'inia mbele ya umma wa Unyanyembe. Mzaramo anayeuza vyombo vya plastiki jirani na duka langu, na Wazaramo ni watani zetu tangu enzi za misafara, alikuwa amesimama na beseni mkononi. "Wanyamwezi!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stendi. "Mizinga mmechoka kutundika mitini, sasa mnatundika kisogoni!"

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Niliumwa mara moja tu, nyuma ya sikio, na nilipoingia uani wifi yangu alikuwa tayari ameandaa pasi na gazeti. Alieleza kwa utulivu kwamba nta ya mshumaa ikidondokea nguo unaweka gazeti, unapitisha pasi, nta yote inahamia kwenye gazeti. Kwa nguo ni kweli. Nikamshukuru, nikamwomba pasi aiweke chini. Nta ya nyuki haiyeyuki mpaka nyuzijoto 62 au 64, na jua letu pamoja na ukali wake wote linagota kwenye thelathini na kitu. Kwa hiyo nta ile ilikuwa imelainika tu kiasi cha kutoa harufu, na maji ya kuweza kuiyeyusha yangenichemsha na mimi. Tukajaribu mafuta ya karanga ya vuguvugu. Yakatoa nusu. Nusu iliyobaki haikuondoka.

Kikao kikawekwa Jumapili baada ya alasiri, chini ya mwembe.

Mwenyekiti alikuwa baba mdogo, mwalimu mstaafu wa historia. Yeye hafungui kikao, hata cha mahari, bila kurudi Januari 1958, TANU ilipofanya mkutano wake mkuu hapa hapa Tabora. Mkoloni alikuwa ameleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake imeharibika. Wajumbe wengi walitaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie humo humo, na wagombea wa TANU pamoja na wale iliowaunga mkono wakashinda. Ndio Uamuzi wa Busara. Baba mdogo mwaka huo alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, lakini anausimulia kana kwamba alikaa meza kuu.

Shangazi akawa wa kwanza. Hakuja Tabora, alisema, kuangalia mtoto wa kaka yake akiwa mvuta bangi. Mambo haya ni ya kuja, hayana asili kwetu.

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nikasema Burton na Speke walifika Kazeh, yaani hapa hapa, Novemba 1857, na Burton akaandika kwamba Wanyamwezi walizisokota nywele zao vishungi vidogo vidogo vikaning'inia nyuma mpaka kisogoni. Hao ndio mababu zetu waliobeba pembe za ndovu mabegani katika njia ile ya Bagamoyo hadi Ujiji, takriban kilomita 1,200. Jamaika wakati huo hakukuwa na Rasta hata mmoja. Haile Selassie, ambaye Marasta wanamtukuza, alitawazwa mwaka 1930. Kama kuna mtu aliyeiga, siyo sisi.

Baba mdogo alivua miwani. Miaka mingi amewapeleka wanafunzi Kwihara kuangalia tembe alimokaa Livingstone, na hapendi kufundishwa wasafiri wa Kizungu na muuza vitenge. "Burton alikuwa mgonjwa wa homa karibu safari nzima," akasema. "Na Speke macho yalimharibika njiani, walipofika Ziwa Tanganyika alikuwa haoni vizuri. Shahidi mmoja ana homa, wa pili kipofu. Endelea."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana alikuwa sahihi kwa yote mawili.

Mama mkwe akaingia kwa njia ya dini. Janaba nitaoga vipi? Nikajibu kwamba ustadhi tulishamuuliza: mwanamke halazimiki kufumua nywele zake, muhimu maji yafike kwenye mashina. Akatulia kidogo. "Na watu watasemaje?" Nikamwambia mama, nitakuwa nimejifunga mtandio, watu hawataziona. "Kama hazitaonekana," akasema, "unazisokota za nini?" Nikamjibu, kama hazitaonekana, kikao cha nini? Akaagiza chai.

Binti yangu anayesoma sheria akasimama na simu mkononi. Alieleza kwamba Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa shule moja ya Kibra haikuwa na haki ya kumfukuza mwanafunzi Rasta kwa sababu ya dredi zake. Baba mdogo akamsikiliza mpaka mwisho, akampongeza kwa kusoma, akamkumbusha kwamba mpaka wa Kenya uko mbali na mwembe ule.

"Haya nitajieni mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, aliyefuga hayo," akasema shangazi.

Nikamtaja Muthoni wa Kirima. Huyu mama aliingia msituni na Mau Mau miaka ya 1950 akapanda mpaka cheo cha fildi masho. Zile nywele za msituni hakuzikata Kenya ilipopata uhuru. Alizikata Aprili 2022, akiwa bibi wa zaidi ya miaka tisini, na aliyeshika mkasi alikuwa Mama Ngina Kenyatta. Mwaka uliofuata akafariki. Karibu miaka sabini mwanamke amebeba ushahidi wake kichwani, na hakuna aliyethubutu kumwita mhuni.

Uwanja ukanyamaza. Shangazi akakoroga chai yake taratibu.

"Sawa," akasema. "Na wewe mwenzangu ulipigana vita gani?"

Jibu lilinijia usiku, nikiwa nimelala: nilipigana na dawa ya nywele, na makovu ninayo. Lakini majibu mazuri yana tabia ya kusubiri wageni waondoke.

Mume wangu alipoulizwa alisema hana neno. Wanawake mlioolewa mnajua "sina neno" ya mume ina kurasa ngapi. Alipobanwa zaidi, akasema yeye hofu yake ni nyuki tu.

Ikafika kura. Baba mdogo, kwa kuienzi historia, akaamua tupige kura tatu. Masanduku yalikuwa mabakuli matatu: la kusuka, la kunyoa na la dredi. Kila mjumbe akapewa punje tatu za mahindi, na ambaye hataweka punje katika kila bakuli, kura yake imeharibika. Watu wakapita kwa nidhamu, akiwemo shangazi. Zilipohesabiwa, dredi zikawa zimepata kura za wajumbe wote bila kupingwa. Kusuka nako kumepata zote. Kunyoa nako. Baba mdogo alitazama mabakuli kwa muda mrefu. Mkoloni aliweka wagombea tofauti katika kila kundi, yeye alikuwa amesahau kipengele hicho.

Mama mkwe ndiye aliyefunga kikao. Kiti kilikuwa kinamuumiza mgongo na magharibi ilikuwa inakaribia. "Mwenye kichwa aamue," akasema, "ila nta asitumie."

Nimeamua. Nimempa msusi wa Isevya malipo ya awali, na yeye akishapokea harudishi. Safari hii ni maji, kitana na mafuta ya nazi, hakuna tone la kitu kilichotoka mzingani. Anasema zitachukua mwaka na zaidi kukomaa, na kwa kuwa nywele hukua kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, zitafika mabegani watoto wote wakiwa wamemaliza chuo. Zile mbili za kisogoni tumeziacha zilivyo, ndizo kubwa zao. Kazi inaanza Jumamosi saa tatu asubuhi. Mwenye pingamizi alilete kabla ya Ijumaa. Baada ya hapo, alete mafuta ya nazi.