Barua ya Wazi kwa Wauza Pikapu

Kwa Wakuu wa Idara za Matangazo,
Viwanda vya Pikapu,
Marekani.

Waheshimiwa,

YAH: DEREVA WENU WA KILO 68

Awali ya yote, hongereni. Kwa kipimo cha J2807, kinachotumika kupanga uwezo wa pikapu kuvuta tela, dereva ana kilo 68, na abiria wake mmoja naye ana kilo 68. Basi. Watoto hawapo, mbwa hayupo, deli la vinywaji halipo. Naishi Texas, na nawahakikishia kwamba watu hao wawili, kama wapo, hawajawahi kula huku.

Kipimo chenyewe sikidharau. Gari hupandishwa mlima wa Davis Dam, Arizona, kilomita 18 na ushei, kiyoyozi kikiunguruma, na pikapu ya kawaida haitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Injini ikifaulu, mnakimbilia bango: INAVUTA KILO 5,000!

Habari iliyobaki mmeistiri kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mlango ukifungwa, haionekani. Ni stika nyeupe yenye utepe wa manjano, isemayo watu na mizigo kwa pamoja wasizidi uzito fulani. Tuchukue pikapu ya familia ambayo stika yake inasema kilo 680. Dereva yumo humo. Tela nalo limo, maana pua yake inaikalia pikapu: ili litulie barabarani, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake sharti ilalie tufe la kuungia. Ikipungua, tela huanza kuyumba, na kwenye mwendo mkali anayeendesha si dereva tena.

Haya, tulipigie hesabu bango lenu. Asilimia 10 ya kilo 5,000 ni 500. Zimebaki 180: anaingia baba, anaingia mama, watoto watafuata kwa basi. Kwa asilimia 15, pua peke yake ni kilo 750, na dereva mwenyewe hana ruhusa ya kupanda. Alivute kwa rimoti?

Mwenye busara atatafuta tela la kilo 3,000. Pua ya asilimia 13 ni kilo 390. Chuma cha kusawazisha uzito, 40. Baba 95, mama 80. Zimebaki 75 za kugawana watoto wawili, baiskeli, jenereta na mkaa. Na hizo kilo 3,000 ziwe za tela lililokwisha pakiwa, si za tela tupu anazotaja muuzaji, kana kwamba watu hununua jiko wasiweke sufuria. Lita 150 za maji tangini ni kilo 150, hata zikiwa za kunawa tu. Vituo vya mafuta vya malori vina mizani, na ada yake si kubwa. Sijaona tangazo lenu hata moja likimwelekeza mteja huko.

Matokeo yake hupita barabara kuu kila Ijumaa jioni wakati wa kiangazi: pikapu imechuchumaa nyuma, boneti inatazama mbinguni, taa zinamulika matawi ya miti, usukani umekuwa mwepesi kwa sababu magurudumu ya mbele hayaikanyagi lami sawasawa. Kupanda si neno, mlishajaribu Arizona. Shughuli iko mteremkoni, breki zinapoanza kunuka na mama kuuliza ni harufu ya nini.

Ombi langu ni dogo. Stika ya mlangoni ipelekwe kwenye bango, na zile kilo 5,000 zihamie mlangoni, zikae jirani na bawaba. Ikishindikana, kila pikapu iuzwe pamoja na wale wawili wa kilo 68. Wao waende kambini, sisi tutabaki nyumbani tukilipa mkopo.

Wenu katika ujenzi wa taifa la watu wembamba,

Baba wa Kilo 95

Nakala: Fundi breki, kwa taarifa.
Mwenye brekdauni, akae tayari.