Muulize Kungwi: Waposaji Wawili na Treni Moja

Kazi ya kungwi ni kumfunda mwari kabla hajaingia nyumba ya watu. Hapa Minneapolis na Saint Paul nimewakuta wari wa aina yake: wamevaa mistari ya dhahabu mabegani, wanajua kutua usiku kwenye barafu, lakini wanasaini mkataba wa maisha bila kuuliza mume anaishi wapi. Safu hii ni yao, na ya kila anayelipwa ili afike mahali kwa wakati. Barua nimezifupisha, majina nimeyaficha, matusi nimejibakizia mwenyewe.

WAMENITAKA WAWILI

Shikamoo Bi Kungwi. Mimi ni rubani msaidizi wa Endeavor Air, kituo changu ni hapa, uwanja wa ndege wa MSP. Nilianzia uwanja wa Wilson, Nairobi, nikirusha ndege za Caravan hadi saa za leseni zikatosha. Sasa nina barua mbili mkononi. Sun Country wananitaka nibaki hapa hapa, nirushe Boeing 737. Kampuni nyingine, kubwa, inayovuka bahari, inanitaka pia, ila itanipanga New York “mpaka nafasi ya Minneapolis ipatikane”. Mke wangu ni nesi wa zamu ya usiku, watoto wawili, tunaishi hapa hapa Brooklyn Park. Wenzangu wananicheka kwa kusita. Nimpokee nani?
Njiapanda, Brooklyn Park

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kuposwa mara mbili. Wako waliotoka chuo cha urubani wakaposwa na deni peke yake.

Tuwaangalie waposaji. Sun Country ni mtoto wa mji huu. Alianza kuruka Januari 1983, akiundwa na watu walioachwa bila kazi shirika la ndege la Braniff lilipoanguka mwaka uliotangulia. Mahakama ya kufilisika anaijua, aliingia 2002 na tena 2008, na mara zote mbili akatoka akiwa hai. Leo anakula kwa mikono mitatu: watalii wanaokimbia baridi, safari za kukodi, na tangu 2020 vifurushi vya Amazon. Rubani wake anaweza kugusa vyote vitatu. Usitarajie kutua Amsterdam, tarajia Cancún na Fort Myers, pamoja na masanduku yasiyolalamikia chakula.

Mposaji wa pili umemficha jina, nami nitamdhania kuwa ni Delta. Huyu mji huu aliurithi. Mwaka 2008 aliungana na Northwest, iliyokuwa na makao yake Eagan, na jina la Northwest likafutwa mapema 2010. Ana mali: Machi 2023 marubani wake walipitisha mkataba wa nyongeza ya jumla ya asilimia 34 ndani ya miaka minne. Ana kituo hapa pia. Lakini mlango wa kituo hicho unafunguliwa kwa namba ya foleni, na namba ya mgeni huwa ya mwisho. New York ndiko wakongwe wanakokukimbia, kwa hiyo ndiko wageni wanakopatia nafasi haraka. Na usijidanganye kwamba Endeavor ni mali ya Delta basi miaka yako itahesabiwa. Ukivuka mlango unaanza na namba mpya, mkiani.

Sasa nisikilize. Mshahara uuangalie mwisho. Swali la kwanza ni hili: usiku wa kuamkia kazi utalala kitanda gani? Mgeni huanza kwa zamu ya akiba, yaani kukaa tayari kungoja simu, na simu ya New York haiwezi kungojewa Brooklyn Park. Mkeo yuko wodini usiku, wewe uko Queens kule New York na simu mkononi, watoto wako na nani? Swali la pili: mbele yako kwenye foleni wako wangapi watakaotimiza miaka 65 kabla hujazeeka? Huo ndio umri ambao sheria ya Marekani inamtoa rubani wa ndege za abiria, baada ya kupandishwa kutoka 60 mwezi Desemba 2007. Kila anayestaafu anakusogeza mbele. Swali la tatu ndilo la pesa.

Hukumu yangu: mtafute rubani wa mwisho aliyepewa kituo cha Minneapolis katika kampuni kubwa, umuulize aliajiriwa lini. Kama alingoja chini ya miaka miwili, keti na mkeo, mpange nani atalala na watoto, kisha nenda. Kama jibu ni “inategemea”, olewa na Sun Country, mle chakula cha jioni pamoja. Jambo moja tu usilifanye, kuwaweka wote wawili kwenye ahadi ukidhani hawatajuana. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa na chama cha wafanyakazi.

KITANDA CHA QUEENS

Bi Kungwi, mwenzako niko New York tayari na familia iko huko kwenu Burnsville. Naenda kazini kwa ndege, kwenye kiti cha ziada cha chumba cha marubani, bila nauli. Siku nyingine kiti kipo, siku nyingine amekwisha kukikalia mtu. Nimepanga kitanda Kew Gardens, Queens, chumba kimoja na marubani wengine, na mmoja wao anakoroma hadi jirani wa juu anapiga sakafu mguu. Nifanyeje safari hii inifurahishe?
Mpangaji wa Kitanda cha Juu

Mwanangu, furaha ya safari hiyo hununuliwa siku moja kabla. New York iko umbali wa kilomita 1,600 na zaidi, na saa yao iko mbele ya yetu kwa saa moja. Ukitakiwa kuripoti saa kumi na mbili asubuhi kule, hapa ni saa kumi na moja alfajiri na ndege ya kwanza haijapakia hata mizigo. Kwa hiyo utaondoka jana yake. Anayejaribu kuondoka siku ile ile anacheza kamari na kazi yake.

Tena hapa sitanii. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air kutoka Newark ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake chini. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kupitia Memphis ili afike kazini. Kapteni, mkazi wa Florida, alikuwa amejilaza kwenye chumba cha wafanyakazi pale uwanjani. Wachunguzi walisema uchovu huenda uliwapunguzia uwezo, ingawa hawakuweza kupima ni kwa kiasi gani. Baada ya msiba ule ilikuja sheria ya saa 1,500 za kuruka kabla ya kuajiriwa, na tangu Januari 2014 rubani wa abiria lazima apewe saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, 8 zikiwa za kulala bila kusumbuliwa. Lakini sheria inaanza kukuhesabia kazi pale unaporipoti. Saa ulizohangaika kutoka Burnsville ni zako na Mola wako.

Basi fanya hivi. Omba safari zinazoanza alasiri na kumalizika kabla ya adhuhuri, ili kwenda na kurudi kuwe ndani ya mwanga. Unganisha safari mbili ziwe moja ndefu, uvuke mara chache. Kifungu cha mkataba kinachomlinda rubani aliyejaribu ndege zaidi ya moja akakosa kiti, kisome leo, kabla hujakihitaji. Ukifika mlangoni pa chumba cha marubani piga hodi, umsalimie kapteni na umwombe ruhusa hata kama karatasi unayo, kwa sababu kiti hicho ni chake kutoa. Wahudumu wa lango wapelekee chokoleti. Wenzako wanapeleka, na wanaonekana.

Anayekoroma msamehe, huenda ametoka kazini. Nunua vizibo vya masikio. Kisha fungua ukurasa wa uhamisho uweke jina lako kwenye orodha ya Minneapolis leo hii. Dawa zote nilizokupa ni za kutuliza, ya kuponya ni hiyo.

MUME WANGU AMEOA RATIBA

Bi Kungwi, kila mwezi wakifika siku za kuomba ratiba mume wangu hasikii wala haoni. Anajua namba yake ya foleni, ya aliye mbele yake, na magonjwa ya aliye mbele ya huyo. Juzi wali umeungua mbele ya macho yake, amekodolea kompyuta. Je, ni ugonjwa?
Mke Mwenza wa Ratiba, Eagan

Shukuru, bibi, kilichoungua ni wali.

Oktoba 21, 2009, ndege ya Northwest namba 188 ilitoka San Diego ikija hapa na abiria 144. Ilifika juu ya mji, ikaupita, ikaendelea mashariki kwa kilomita kama 240. Waongozaji wa ndege waliita redioni kwa zaidi ya saa nzima bila kujibiwa. Aliyewazindua ni mhudumu wa ndani, aliyepiga simu mbele kuuliza wanatua saa ngapi. Marubani waliwaeleza wachunguzi kwamba walikuwa wamefungua kompyuta zao, mmoja akimfafanulia mwenzake mfumo mpya wa kupanga ratiba uliokuja na Delta. Ndege ilirudi ikatua salama. Leseni zao zilifutwa ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo ugonjwa upo, na mji huu umewahi kurukwa kwa sababu yake. Lakini mwelewe mumeo. Kwa rubani, ratiba ndiyo inayoamua kama Idi au Krismasi atakuwa nyumbani au kwenye hoteli ya Omaha. Dawa ni kumsaidia: kaeni wawili jioni moja, andikeni mambo matatu tu mnayoyataka mwezi ule, kwa mpangilio wa umuhimu. Ayaingize, afunge kompyuta. Na jiko lenye moto asikabidhiwe siku hiyo.

NA SISI TUSIO NA MABAWA?

Kungwi, unawaandikia marubani tu. Mimi nasukuma viti vya magurudumu Terminal 1, naishi kwenye yale maghorofa ya Cedar-Riverside. Baridi inanila mifupa, na kila asubuhi nawaza kununua gari la mkopo ili safari iwe na raha. Unasemaje?
Msukuma Wazee

Nasema, mwanangu, wewe ndiwe tajiri wa ukurasa huu na hukuambiwa. Njiapanda wa barua ya kwanza ameahidiwa treni ya kufika Brooklyn Park kwa miaka mingi na treni haijafika. Mpangaji wa Kitanda cha Juu anavuka majimbo. Wewe unashuka lifti, unavuka barabara, unapanda treni ya Blue Line, na baada ya dakika kama ishirini uko chini ya kituo chako cha kazi bila kubadilisha chochote.

Njia hiyo ilifunguliwa 2004, na tangu Desemba mwaka huo inafika uwanja wa ndege hadi Mall of America. Kituoni ziko taa za joto. Bonyeza kitufe, simama chini yake, usione haya, weupe nao wanasimama. Ukiwa na muda, siku ya mapumziko shuka kituo cha 50th Street uone maporomoko ya Minnehaha, yenye urefu wa mita 16, yakiwa yameganda. Karibu na uwanja treni inazama ardhini, na kati ya Terminal 1 na Terminal 2 haidai nauli. Kumbuka hilo siku utakayotaka kuhama kazi, kwa sababu Delta wako terminali ya kwanza na Sun Country ya pili. Hapo katikati pana tofauti ya kituo kimoja cha treni, wakati marubani wanaumwa kichwa mwaka mzima kuamua.

Gari la mkopo lina bima, mafuta, chumvi ya barabarani inayokula bodi, na alfajiri za kukwangua barafu. Wenyeji bado wanaisimulia dhoruba iliyoanza Oktoba 31, 1991, ikamwaga theluji ya sentimita 72 hapa mjini. Siku kama hiyo mwenye gari anaanza kwa kulitafuta. Nunua buti nzuri na koti la maana, na nusu ya pesa ya mkopo itabaki. Masikioni weka taarab au khutba, upendavyo. Ukiona rubani amepanda behewa lenu, msalimie, huyo ameshajua siri.

MWANANGU HAJAWA KAPTENI

Bi Kungwi, mtoto wa jirani yangu ni kapteni kule Wilson na hajafika miaka thelathini. Wangu yuko Minneapolis kwenye kampuni kubwa na bado ni msaidizi. Je, kuna mtu amemroga?
Mama Mwenye Subira, Kisii

Hapana, mama, amepangwa foleni. Huko aliko mwanao hata kipaji hakimruki mtu. Northwest na Delta zilipoungana, majina ya marubani wa pande mbili yalichanganywa kwenye orodha moja kwa uamuzi wa wasuluhishi, Desemba 2008, na wako walionuna hadi wakastaafu. Mwanao anaweza kuwa kapteni kesho kwenye ndege ndogo, akalala mbali na watoto wake, au akabaki msaidizi na kulala nyumbani. Kama amechagua nyumbani, hukumlea vibaya. Jirani mwambie ndege ya mwanao ina vyoo vingi zaidi.

Wengine mliobaki mwezi huu, barua zenu nimezisoma, na nyingi zinauliza mshahara kabla ya kituo. Zirudieni, mzianze upya na anwani ya mahali mtakapolala. Na mniandikie kabla ya kusaini. Zitakazofika baada ya sahihi nitazijibu kwa neno moja: poleni.