Mhadhara Juu ya Uwapo, Kutu na Mimi

Mabibi na mabwana, wasanii wa hapa kituo cha Kuona, Likoni Close, na wewe kijana wa grenda pale nyuma: tulieni. Mnaye mbele yenu mtaalamu wa uwapo wa binadamu ndani ya vyuma kuukuu, taaluma niliyoianzisha mwenyewe, nikajitahini mwenyewe, nikafaulu.

Tuanze na Cyrus Kabiru, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 1984. Huunda miwani kwa nyaya, vifuniko na vipuri vilivyotupwa, nayo imefika hadi jumba la sanaa la Zeitz MOCAA kule Cape Town. Yeye husema alianza kwa sababu babake alikataa kumnunulia miwani, akamwambia akiitaka ajitengenezee. Maelezo ya kitoto hayo! Mimi nimegundua kwamba jicho la Mnairobi, kwa kuzongwa na moshi wa matatu toka Kencom hadi Kawangware, linatamani kuuona ule uonaji wenyewe. Msanii hajui hilo, wala si kazi yake kujua. Kazi yake ni kuunda, yangu ni kuelewa, na mwaona wenyewe nani kapewa kiti chenye mto.

Gor Soudan naye. Waandamanaji wakichoma tairi barabarani, mpira huteketea, zikabaki nyaya nyembamba nyeusi zilizosokotana kama nywele za mtu aliyelala vibaya. Gor huziokota, akazipinda na kuzifunga hadi zikawa viumbe. Ukisogea karibu unaona masizi bado yamegandia waya. Mjinga atauliza: tairi lilichomwa kwa nini? Nani alikuwa na hasira, na hasira ya nini? Hayo ni mambo ya siasa, ndugu zangu, nami siasa siigusi. Isitoshe, siku ya maandamano barabara zote za mjini hufungwa, kwa hiyo uwapo wangu huwa Lavington, kitandani.

Dickens Otieno nitampitia haraka. Hukata mikebe ya soda na bia kuwa nyuzi, akazifuma zikawa kama vitambaa. Mwaka 2022 kazi zake zilikuwa katika banda la Kenya kwenye maonyesho ya sanaa kule Venice. Wapo wanaokumbusha kwamba alikulia kwenye cherehani za mama yake. Mama! Cherehani! Mtu ananiletea ushonaji nami nina istilahi kumi na nne ambazo sijazitumia.

Mnakumbuka Januari 2022, serikali iliposimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani? Wengine walilia stima. Mimi peke yangu niliona kwamba chuma kilikuwa kimekatazwa kuwapo. Nilitaka kuyaandika haya usiku uleule, ila taa hazikuwapo.

Swali? Wewe, mzee wa ovaroli. Kilo ya chuma sasa ni pesa ngapi? Mzee wangu, kwa heshima zote, hilo halihusiani na sanaa. Eti msanii hununua kwa kilo? Nani kakwambia? Ah, wewe ndiye unayemuuzia. Basi, keti tu.

Narudi kwenye hoja yangu kuu, yaani kwamba chuma kabla ya kuguswa na mkono wa— nani amewasha hiyo grenda? Zima! Kijana, zima hicho kitu mara moja! Huoni tunajadili chuma hapa?