Namna ya Kupanga Reli Bila Kutumia Ubongo

Bosi anataka ramani ya reli kesho kutwa, nawe hujagusa hata penseli. Tulia, ndugu yangu. Sifa za ubongo zimetiwa chumvi mno.

Hatua ya kwanza: ajiri asiye nao. Physarum polycephalum ni kiumbe wa seli moja, mtelezi, wa manjano, anayetambaa juu ya magogo yaliyooza. Hana kichwa, hana neva, hadai posho.

Hatua ya pili: mlishe, kisha kalale. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walipanga chembe za oti kufuata miji 36 ya eneo la Tokyo. Palipo na milima na maji wakamulika taa, maana huyu bwana hapendi mwanga. Akaenea kila upande kama umbea. Halafu akaanza kubana matumizi: mrija unaopitisha ute mwingi hunenepa, unaopitisha kidogo hukonda hadi ukatoweka. Kwa saa 26 hivi alikuwa na mtandao wa kushindana na reli yenyewe kwa ufanisi, gharama na kustahimili njia moja ikikatika. Reli ya Tokyo ilijengwa kwa zaidi ya karne. Wewe gharama yako ni kijiko cha oti. Piga picha, chora mistari juu yake, andika jina lako. Kwa herufi kubwa.

Hatua ya tatu: usijichoshe kukumbuka. Yeye huacha utelezi anakopita. Akiukuta tena, anajua hapo ameshatafuta, anageuza njia. Basi nawe tapakaza mafaili ofisi nzima. Ukiulizwa, sema ni mfumo.

Hatua ya nne, kwa wenye mitihani. Huko Toulouse, Ufaransa, watafiti walimzoesha kuvuka daraja lililotiwa chumvi. Mwanzoni alisitasita, baada ya siku kadhaa akawa anapita tu. Kisha wakamuunganisha na mwenzake asiyefundishwa kitu. Saa 3 za kugandana zikatosha: mgeni naye akavuka kama mzoefu. Kusoma ni kwa wasio na marafiki. Tafuta aliyesoma, umgande.

Mwisho, suala la shukrani. Toshiyuki Nakagaki, mmoja wa watafiti wale wa Japani, na wenzake walipata tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti wa kuchekesha, mara mbili: 2008 na 2010. Kiumbe mwenyewe hakupewa hata cheti. Nawe usimtaje kwenye ripoti. Bosi akijua kazi hiyo inafanywa na asiye na kichwa, na kwa chembe za oti, atauliza wewe unalipwa kwa lipi.